Chakula au fedha? Tunabishania swali dogo

Bei za vyakula zikipanda, mjadala ule ule huibuka: familia zenye kipato kidogo zisaidiwe kwa chakula au kwa fedha taslimu? Wa upande wa kwanza husema toa chakula, maana fedha zitaishia kwenye ulevi. Wa upande wa pili hujibu kwamba maskini ana akili zake, mpe fedha aamue mwenyewe. Kila upande una takwimu na mifano yake, na wakati wanabishana bajeti hupitishwa bila fungu la chakula wala la fedha.

Mimi nina upande, na nitausema hapa chini bila kuzunguka. Ila nashuku kwamba mjadala huu umewafaa zaidi wanaotaka kuahirisha kuliko wanaosubiri kula. Familia inayohesabu siku kuelekea mwisho wa mwezi haisumbuliwi sana na umbo la msaada. Inasumbuliwa na kutojua: itapata kiasi gani, lini, mwezi ujao itakuwemo kwenye orodha au la, na jina likikatwa itamlalamikia nani. Hapo ndipo sisi tunaotetea misaada hii tulipaswa kuweka nguvu zetu, na hapo ndipo tumelegea.

Tuanze na njaa yenyewe, kwa sababu bado wengi wanaamini njaa ni ukosefu wa chakula. Mwaka 1943 watu wapatao milioni tatu walikufa katika jimbo la Bengal, India ilipokuwa chini ya Waingereza. Amartya Sen, aliyeiona njaa hiyo akiwa mtoto na ambaye mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alirudi ukubwani kwenye takwimu za wakati ule akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa vizuri: chakula kilipungua kwa kiasi gani hasa? Alichokikuta ni kwamba upungufu haukuwa mkubwa kiasi cha kueleza vifo vile vyote. Matumizi ya vita yalikuwa yamepandisha bei ya mchele mbali na ujira wa kibarua wa shambani, wa mvuvi na wa fundi wa kijijini. Mchele ulikuwepo, wao hawakuwa na cha kuununulia. Wapo wanahistoria wanaobishana na Sen kuhusu ukubwa wa hasara ya mavuno msimu ule, na ubishi huo haujaisha. Lakini hoja yake ya msingi imesimama, kwamba mtu anaweza kufa njaa jirani na ghala lililojaa.

Hali ya leo inaeleza jambo hilo hilo kwa sauti ya chini. Kwa mwaka 2024 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba watu milioni 673 duniani walikuwa na njaa. Mwaka huo huo watu bilioni 2.6 hawakumudu gharama ya mlo wenye afya. Ukitoa tarakimu ya kwanza kwenye ya pili unabaki na karibu watu bilioni mbili ambao hawamo kwenye hesabu ya njaa. Tumbo linajazwa kwa namna fulani, mtoto anakwenda shule, mama anasema tunamshukuru Mungu. Hao hawaonekani kwenye picha za magazeti, na kwa sababu hawaonekani, msaada wao ndio wa kwanza kukatwa serikali inapobana matumizi. Chakula kiko sokoni wanakopita kila siku.

Kwa hiyo upande wangu ni fedha, pale soko linapofanya kazi. Ushahidi wake siku hizi ni mwingi, lakini nitataja mmoja kwa urefu. Katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, zaidi ya kaya 10,000 kwa jumla, katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa vijiji 653. Hakukuwa na masharti. Wachumi waliofuatilia walipima si waliopewa tu, bali na majirani ambao hawakupewa kitu, pamoja na biashara za eneo hilo. Kila dola moja iliyoingia ilizaa mzunguko wa kiuchumi wa takriban dola mbili na nusu. Majirani nao wakaonekana kula vizuri zaidi na kupata zaidi, kwa sababu fedha za aliyepewa ziliishia kwa fundi, kwa muuzaji, kwa kibarua. Na zile bei ambazo kila mtu huogopa zitapaa? Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1.

Hapo huja pingamizi la tabia. Tunayo methali moja ya kukera inayosema maskini akipata, matako hulia mbwata. Tunaitamka kwa kicheko, na wengine wanaitungia sera. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia zilizopima kama wanaopewa fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa ujumla hawakuongeza, na mahali pengi walipunguza. Pingamizi la uvivu nalo limepimwa: Abhijit Banerjee na wenzake watatu walichambua upya data za programu saba katika nchi sita, kutoka Honduras hadi Indonesia na Morocco, wakitafuta dalili kwamba wanaopokea ruzuku huacha kazi. Hawakuipata.

Inafaa kujua tuhuma hii ya uvivu ilitoka wapi, maana ina cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, Uingereza, walikutana Speenhamland wakaamua kwamba kibarua ambaye ujira wake hautoshi aongezewe kutoka mfuko wa parokia, kulingana na bei ya mkate na idadi ya wanaomtegemea. Mwaka 1834 tume ya kifalme ilitoa ripoti iliyosema mpango wa namna hiyo umewaharibu watu, umewafanya wazembe na wazaaji hovyo. Bunge likapitisha sheria mwaka huo huo, na mwenye shida akalazimika kwenda kuishi kwenye nyumba za kazi ambazo zilifanywa ngumu makusudi ili asitamani kubaki. Mwanahistoria wa uchumi Mark Blaug alipoirudia ile ripoti mwaka 1963, alionyesha kwamba ushahidi wake haukubeba hitimisho lake. Miaka 129 ilikuwa imepita. Sheria ilitungwa ndani ya miezi, sahihisho likachukua zaidi ya karne, na bado yapo mabunge ambako utasikia maneno ya ile tume yakirudiwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia.

Nimesema pale soko linapofanya kazi, na sikulisema kwa kujihami. Programu ya Ethiopia ya kunusuru kaya zenye uhaba wa chakula, iliyoanza mwaka 2005, ilikuwa ikilipa wengine kwa nafaka na wengine kwa fedha. Bei za nafaka ziliporuka mwaka 2008, wale wa fedha walijikuta wanabeba noti zile zile zinazonunua nusu kapu, na wengi wakasema waziwazi wanataka chakula. Hawakuwa wamepoteza akili za kujiamulia. Akili hizo ndizo zilizowaambia. Ufilipino nako, katika vijiji vya mbali ambako sehemu kubwa ya kaya zilipewa ruzuku, bei za vyakula vinavyooza haraka zilipanda kiasi kwamba watoto wa familia zisizopewa walidumaa zaidi. Mexico ilipolinganisha vijiji vilivyopewa vifurushi vya chakula na vilivyopewa fedha, vifurushi vilishusha bei za hapo kijijini, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kule ambako lori la bidhaa hufika kwa shida.

Ukizisoma habari hizi pamoja, jibu la swali la chakula au fedha linakuwa la kawaida mno, karibu la kuchosha: uliza barabara ikoje, wauzaji ni wangapi, bei zinakwenda wapi. Kaskazini mwa Ecuador, mwaka 2011, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilijaribu njia tatu kwa pamoja: chakula, vocha na fedha. Zote zilisaidia. Chakula kiliongeza zaidi kiasi cha kalori, vocha zikaongeza zaidi aina za vyakula mezani, na chakula kikawa ghali kuliko vyote kukifikisha. Afisa mwenye takwimu za masoko anaweza kulijibu swali hilo katika wiki moja. Halistahili kutuchukulia miaka.

Sasa niende kwenye lile ninaloliona kubwa. Marekani ni darasa zuri hapa, si kwa sababu inafanya vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu imeendesha programu mbili sambamba, kwa watu wale wale, kwa sheria mbili za aina tofauti.

Ya kwanza ni ya chakula. Ilipewa sheria ya kudumu mwaka 1964 chini ya Rais Lyndon Johnson kwa jina la stempu za chakula, yaani hati za kununulia chakula tu, na tangu 2008 inaitwa SNAP. Mwenye sifa akiomba, anapaswa kupewa. Hakuna kusema mwaka huu nafasi zimejaa. Kiwango hurekebishwa kila Oktoba kufuatana na gharama ya kapu la chakula. Uchumi ukidorora, idadi ya wanaopokea hupanda yenyewe bila Bunge kukutana. Ya pili ni ya fedha taslimu kwa familia maskini zenye watoto. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyoifuta ile ya zamani na kuweka mpya, TANF, ambamo serikali kuu huyapa majimbo fungu la jumla la dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Fungu hilo halikufungwa na mfumuko wa bei, na majimbo yana uhuru mkubwa wa kulitumia kwa mambo mengine. Ni bilioni 16.5 zile zile hadi leo, na thamani yake imekuwa ikiliwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1996, katika kila familia maskini 100 zenye watoto, 68 zilikuwa zinapokea fedha hizo. Kufikia 2020 zilibaki 21.

Mtetezi wa chakula angeweza kuuchukua mfano huu na kusema, mnaona? Angekosea. Kilichoinusuru programu ya kwanza si kwamba inalipa chakula. Ni vifungu vitatu vya sheria: kila mwenye sifa ana haki, kiwango kinafuata bei, na bajeti inafuata idadi ya wenye shida. Programu ya pili ilinyimwa vyote vitatu, na haikuhitaji adui wa kuiua kwa sauti kubwa. Ilitosha kuiacha ilivyo.

Iran ilijifunza hilo kwa njia nyingine. Desemba 2010 serikali ilipunguza sana ruzuku za mafuta na mkate, ikaanza kumlipa kila raia rial 455,000 kwa mwezi, sawa na takriban dola 45 za wakati ule. Kwa familia maskini hilo lilikuwa jambo kubwa, na wachumi waliofuatilia hawakuona watu wakiacha kazi kwa ujumla. Kisha vikaja vikwazo na mfumuko wa bei. Kiwango kikabaki 455,000 mwaka baada ya mwaka. Hakuna waziri aliyetangaza kuifuta. Kila mwezi fedha ziliingia kwenye akaunti kama zilivyoahidiwa, na kila mwezi zilinunua kidogo kuliko mwezi uliopita, hadi zikawa za kuchekesha.

Ndiyo maana ninapomsikia mwanaharakati akishangilia kwamba serikali imekubali kulipa kiasi fulani kwa kila kaya, swali langu la kwanza huwa: kifungu cha kurekebisha kiko wapi? Kiasi kinatangazwa jukwaani na kupigiwa makofi. Kifungu cha kurekebisha kinaandikwa kwenye jedwali la nyongeza, wanahabari wakiwa wameshaondoka, na humo ndimo maisha ya programu yalimo.

Tarehe nayo ni hivyo hivyo. Chukua mama mwenye watoto watatu ambaye ruzuku yake inalipwa kila baada ya miezi miwili, na siku ya malipo hutangazwa ikiwa imebaki siku mbili tatu. Kodi ya chumba inadaiwa mwanzoni mwa mwezi. Muuza duka anamkopesha kwa daftari, lakini mwenye daftari humkopesha anayeweza kutaja siku ya kulipa, naye hawezi. Malipo yakichelewa wiki tatu, anaanza kwa kupunguza chakula chake mwenyewe, watoto wasijue. Wiki ya pili anauza kitu, kwa bei ambayo mnunuzi anaipanga akishauona uso wake. Wiki ya tatu anakopa kwa riba. Fedha zikiingia, sehemu yake imeshakwenda kabla hajaishika. Na kwenye taarifa ya mwaka atahesabiwa kuwa mlengwa aliyelipwa mara sita, kiasi kamili, kama ilivyopangwa. Hasara yake haina safu kwenye jedwali.

Hata pale ambapo tarehe haikosewi, mwezi ni mrefu. Tafiti za stempu za chakula Marekani zimeonyesha kwamba wanaopokea hula vizuri siku za mwanzo na kiasi cha kalori hushuka siku zinavyokwenda. Wapo wanaosema hiyo ni kukosa nidhamu. Mimi naona ni kiwango kidogo kinachokutana na siku nyingi.

Halafu kuna mlango. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, familia ya Kimarekani iliyotaka stempu ilipaswa kwanza kuzinunua: unatoa fedha zako kiasi, unapewa stempu za thamani kubwa zaidi. Kwenye karatasi ilionekana busara, kwamba mtu achangie. Kwa asiye na kitu mkononi siku ile ilimaanisha kurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya 1977 iliondoa sharti hilo, na lilipoacha kutumika Januari 1979, watu milioni moja na nusu waliongezeka ndani ya mwezi mmoja. Siku zote walikuwa na sifa. Umaskini wao ndio uliokuwa umewazuia wasipate msaada wa maskini.

Milango ya leo ni ya kielektroniki, na kwa mtu aliyezoea kompyuta inaonekana myepesi. Nchini India, ambako sheria ya mwaka 2013 iliwapa haki ya nafaka za bei nafuu, ambazo tangu 2023 hutolewa bure, zaidi ya watu milioni 800, maduka ya mgao yamewekewa mashine za kusoma alama za vidole ili kuzuia udanganyifu. Mashine haisomi vizuri kidole cha mtu aliyevunja kokoto au kufua nguo za watu maisha yake yote, kwa sababu mistari imesagika. Anasafisha kidole, anakipangusa, anajaribu kingine, foleni nyuma yake inanung'unika, mtandao unakatika. Muuzaji anamwambia njoo kesho, na kesho ina kibarua chake ambacho akikiacha hakuna ujira. Udanganyifu uliozuiwa siku hiyo ni upi?

Hofu ya udanganyifu ina gharama ambazo hazitajwi. Kati ya 2015 na 2019 Australia ilitumia kompyuta kukisia madeni ya waliopokea ruzuku, kwa kuchukua kipato cha mwaka mzima na kukigawa sawasawa kana kwamba kila kibarua hupata kiasi kile kile kila wiki mbili. Mamia ya maelfu ya watu walidaiwa fedha ambazo hawakuwa wanadaiwa. Utaratibu huo ulionekana kuwa kinyume cha sheria, na tume ya kifalme iliyotoa ripoti mwaka 2023 iliulaani bila kupepesa macho. Uholanzi maelfu kwa maelfu ya wazazi walituhumiwa isivyo haki kuiba ruzuku ya malezi ya watoto, wakatakiwa kurudisha fedha walizokwishatumia. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu hiyo. Hizo ni nchi tajiri zenye watumishi waliosoma. Wanaotaka kuziiga kwingineko, mahali ambapo hata rejista ya kaya haijakamilika, wafikirie mara mbili.

Masharti nitayapita haraka, ingawa najua wapo wanaoyapenda sana. Mexico ilianza mwaka 1997 kulipa akina mama kwa sharti la watoto kwenda shule na kliniki, na mahudhurio yalipanda, hasa ya wasichana wa sekondari. Malawi, wilayani Zomba, majaribio yaliyolinganisha wasichana wenye masharti na wasio na masharti yalionyesha kwamba masharti yaliongeza zaidi masomo, lakini ndoa na mimba za mapema zilipungua zaidi kwa wale waliopewa bila masharti, kwa kuwa msichana aliyeacha shule hakukatwa fedha wakati ambao alizihitaji kuliko wakati wote. Mtu achague anachotaka kununua. Mimi singemkatia mtoto chakula kwa sababu amekosa shule.

Swali la fedha zitatoka wapi ni halali, na linastahili jibu la hesabu badala ya la hisia. Brazil ilipounganisha ruzuku zake ndogo ndogo kuwa Bolsa Família, Oktoba 2003, na hatimaye kufikia familia takriban milioni 14, ilikuwa ikitumia karibu nusu ya asilimia moja ya pato la taifa. Mwaka 2014 nchi hiyo iliondolewa kwenye ramani ya njaa ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Programu za jamii zilipolegezwa na uchumi ukatetereka, ikarudi. Mwaka 2025 ikatolewa tena. Ruzuku peke yake haikufanya yote hayo, kima cha chini cha mshahara na chakula cha shuleni vilichangia. Lakini hakuna anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba nusu ya asilimia moja ndiyo iliyoifilisi Brazil. Kwa upande wa Marekani, Bunge lilipanua ruzuku ya kodi ya watoto mwaka 2021 na kuanza kulipa kila mwezi kuanzia Julai. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada ya serikali, ulishuka hadi asilimia 5.2. Upanuzi ule ukaachwa ufe mwisho wa mwaka. Mwaka 2022 umaskini wa watoto ulikuwa asilimia 12.4. Wazazi hawakugeuka wavivu ndani ya miezi kumi na miwili.

Na hesabu ya gharama isiyoingiza faida ya baadaye ni hesabu nusu. Stempu za chakula zilisambaa Marekani kaunti kwa kaunti, kati ya 1961 na 1975, na hilo liliwapa watafiti nafasi ya kulinganisha watoto wa umri mmoja waliozipata na ambao hawakuzipata. Hilary Hoynes na wenzake waliwafuatilia hadi utu uzima. Waliozipata utotoni walikuwa na kiwango kidogo zaidi cha unene wa kupindukia, shinikizo la damu na kisukari, na wanawake miongoni mwao walijitegemea zaidi kiuchumi. Waziri wa fedha anayekata ruzuku ya mtoto leo anahamishia bili kwa waziri wa afya ambaye bado hajateuliwa.

Kuna jambo moja la bei rahisi ambalo serikali nyingi hazilifanyi, nalo ni kumwambia mtu haki yake. Indonesia ilikuwa na programu ya mchele wa ruzuku ambayo katika vijiji vingi ilivuja njiani: familia zilipata mchele pungufu kwa bei iliyozidi, na kwa kuwa hazikujua kiwango halisi, hazikuwa na la kumuuliza mkuu wa kijiji. Serikali ikishirikiana na watafiti ikazipelekea baadhi ya familia kadi tu, zenye kueleza wanachostahili. Thamani ya ruzuku iliyowafikia ikapanda kwa asilimia 26. Hakuna aliyekamatwa na hakuna mashine iliyonunuliwa. Watu walijua kilicho chao, na viongozi wakajua kwamba watu wanajua.

Kujua kunahitaji mahali pa kwenda. India ilipofika mwaka 2001 ghala za serikali zilikuwa zimefurika nafaka huku majimbo kadhaa yakiwa kwenye ukame na njaa. Chama cha kutetea haki za raia kilikwenda Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo mahakama ikaamuru kila shule ya msingi ya serikali iwape watoto chakula kilichopikwa, si ahadi wala kilo za nafaka za kubeba nyumbani. Ile sheria ya mwaka 2013 ilijengwa juu ya msingi wa kesi hiyo. Ibara ya 25 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu inataja chakula tangu 1948, lakini ibara haijawahi kupika. Alihitajika mtu wa kuipeleka mbele ya jaji.

Afrika Kusini, ambayo Katiba yake katika kifungu cha 27 inampa asiyejimudu haki ya msaada wa jamii, ilianza kulipa ruzuku ya mtoto mwaka 1998, randi 100 kwa mwezi kwa watoto wasiozidi umri wa miaka saba. Watetezi wakasukuma umri ule hatua kwa hatua hadi miaka 18, na leo inawafikia watoto takriban milioni 13. Mwanzoni mwa 2017 yote hayo yalikaribia kukwama kwa sababu ya karatasi. Mkataba na kampuni iliyolipa ruzuku nchi nzima, ambao mahakama ilikuwa imeshautangaza kuwa batili miaka kadhaa nyuma, ulikuwa unaisha Machi 31, na wizara haikuwa imeandaa mlipaji mwingine. Ruzuku milioni 17 zilikuwa hazina njia ya kuwafikia wenyewe Aprili mosi. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo wapokeaji walikuwa wamelalamika pia kwamba fedha zao zinakatwa mikopo, bima na muda wa maongezi wa simu ambavyo hawakuviomba.

Shirika la Black Sash, lililoanzishwa na wanawake mwaka 1955, lilikwenda Mahakama ya Katiba. Machi 17 majaji waliamuru malipo yaendelee bila kukatika, wakailazimisha wizara kutoa taarifa kila baada ya miezi mitatu, wakaweka wataalamu huru wa kuisimamia, na wakaagiza taarifa binafsi za wapokeaji zisitumike kuwauzia bidhaa. Aprili ilipoingia, ruzuku zililipwa. Septemba 2018 mahakama hiyo hiyo ikarudi kwenye suala la nani alaumiwe, na ikamwamuru aliyekuwa waziri wa maendeleo ya jamii, Bathabile Dlamini, alipe asilimia 20 ya gharama za kesi kutoka mfukoni mwake mwenyewe.